Juu ya nini nyota ya asubuhi inazunguka kinyume?

Wenye kutoka posti ya usiku wanaijua muzuri: ile nyota yenye mwangaza mukali, inayoonekana mashariki mbele ya jua kutoka. Mu miezi mingine inaonekana magharibi, jua ikiisha kushuka. Tunaiita nyota ya asubuhi, lakini si nyota. Ni sayari, ao planeti, sawa dunia yetu. Mu Kifaransa ni Vénus, mu Kiswahili cha vitabu ni Zuhura. Ni ya mawe, na ukubwa wake unakaribia ule wa dunia. Lakini iko na tabia moja ya kushangaza: inazunguka polepole sana, tena inazunguka kinyume.

Siku moja inapita mwaka

Dunia inajizungusha mara moja mu masaa 24, njo sababu tunapata muchana na usiku. Mars iko karibu vilevile: masaa 24 na dakika 37. Zuhura, yenyewe, inaomba siku 243 za kwetu kusudi imalize muzunguko mumoja. Na kuzunguka jua inafanya siku 225 tu! Ni kusema, mwaka wake unaisha mbele yenyewe haijamaliza kujizungusha.

Ku ikweta, udongo wa dunia unakimbia karibu kilometa 1 670 kwa saa. Ule wa Zuhura haufike hata 7: mutu mwenye kutembea kwa miguu, akikaza mwendo, anaweza kuushinda. Na juu inazunguka kinyume, kule jua inatoka magharibi na kushuka mashariki. Tangu asubuhi moja mpaka asubuhi ingine, siku 117 za kwetu zinapita. Posti ya usiku kule ingekuwa ya karibu miezi mbili.

Namna gani walijua?

Zuhura imefunikwa na mawingu mazito, darubini ya kawaida haiwezi kuona udongo wake. Muchimbaji anajua namna ya kufanya mu shida ya vile: anapigapiga paa ya galeri na chuma, anasikiliza sauti, anajua kama jiwe imeshikamana ao inataka kuanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mainjinia wa Marekani pale Goldstone, California, walifanya kitu cha kufanana: walitupa mawimbi ya redio mupaka ku Zuhura, wakasikiliza mwangwi wake. Upande wa sayari wenye kutukaribia unarudisha wimbi tofauti na upande wenye kwenda mbali. Kwa ile tofauti wakapima mwendo na upande wa kuzunguka.

Mu mwaka 1965, radari ya Arecibo, Puerto Rico, ilipima Mercure, sayari ya karibu zaidi na jua. Watu walifikiri inazunguka kwa siku 88. Kumbe ni 59: inajizungusha mara 3 kila ikizunguka jua mara 2.

Breki ya jua

Nani anazifunga breki? Ni jua. Jua inavuta zaidi upande wa sayari wenye kuwa karibu nayo kuliko ule wa nyuma. Mwili wa sayari unavimba kidogo, mawe yanasuguana ndani, na ule musuguano unakula mwendo polepole, miaka mamilioni na mamilioni. Mwezi unafanya vile ku dunia yetu: kila miaka 100, siku yetu inaongezeka karibu elfu-mbili-ya-sekunde, ni kusema 0,002.

Kama ingekuwa breki peke, Zuhura ingeishia kuonyesha jua uso mumoja tu siku zote, sawa mwezi unavyotufanyia siye. Lakini haikuwa vile. Sababu ni hewa.

Hewa yenye kusukuma

Hewa ya Zuhura ni karibu yote gazi karboniki, ile yenye kuua mutu ndani ya shimo refu lisilo na hewa muzuri. Uzito wake unakandamiza mara 90 kupita hewa yetu, na joto linafika digri 465: risasi inayeyuka. Jua inapochoma ile hewa, inahama, inarundikana upande mumoja. Jua inavuta ule murundo, na murundo unasukuma sayari kinyume na breki. Thomas Gold na Steven Soter walieleza jambo hili mu 1969. Mu 2001, Alexandre Correia na Jacques Laskar walionyesha kwa hesabu kama Zuhura iliweza kuanza sawa dunia, ikapunguza mwendo, ikasimama, kisha ikarudi kinyume. Ao kichwa chake kilipinduka kwanza. Njia zote mbili zinafikia pale inapokuwa leo. Wengine wanasema jiwe kubwa liliigonga zamani.

Inatufaa nini?

Upepo wa juu unazunguka Zuhura yote mu siku 4 hivi, na hewa inasukuma milima. Kwa hiyo hata mwendo wa sayari haukai sawa. Vipimo vya Goldstone, kati ya 2006 na 2020, vilionyesha muzunguko unabadilika mpaka dakika 20. Chombo Venus Express kilikuta milima na mabonde vimehama karibu kilometa 20 kutoka pale karta ya chombo Magellan, ya miaka ya 1990, ilivyohesabu.

Mwenye kupima galeri anaelewa hatari yake: ukikosea kidogo pa mwanzo, mashimo mbili hazikutane. NASA inatayarisha chombo DAVINCI kwa kushuka ndani ya ile hewa mpaka chini, kusudi kitafute juu ya nini sayari ndugu ya dunia yetu iligeuka kuwa tanuru. Wenye kukituma wanapaswa kujua kwanza mulima uko wapi siku ile kitakapofika.