Wazazi, tuchague vichezeo vinavyowafunza watoto

MWISHO wa mwezi, mfanyakazi anapopokea mshahara wake, mambo humwandama kutoka kila upande. Kuna kodi ya nyumba, kuna unga na sukari, kuna nauli ya mwezi unaofuata, na aghalabu kuna mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye tangu asubuhi ameahidiwa kwamba baba au mama akirudi kazini atamletea kitu. Ndipo mzazi huyo anapopita Kariakoo, au katika soko lolote la mji wake, akasimama mbele ya meza iliyojaa vitu vya plastiki vya rangi za kuvutia: bunduki inayolia, simu inayoimba kwa Kiingereza, gari linalojiendesha lenyewe huku likimulika taa nyekundu na buluu. Huchagua kile chenye kelele zaidi, akalipa, akarudi nyumbani amefurahi.

Furaha hiyo ni ya haki, wala hapana anayestahili kulaumiwa kwa kumpenda mwanawe. Lakini, ndugu msomaji, hebu umtazame mtoto huyo siku ya tatu. Gari limekwisha betri na limelala uvunguni. Mtoto mwenyewe yuko jikoni, amekaa sakafuni, anafunua na kufunika sufuria za mama yake. Wazazi wengi hukasirika wakaona fedha zao zimepotea bure. Ukweli ni kwamba mtoto amefanya uchaguzi wa busara kuliko wao. Lile gari lilikuwa limekwisha kumfanyia kila kitu. Yeye aliachiwa kubonyeza na kutazama tu. Sufuria zimemwachia kazi.

Jambo hili lilielezwa vizuri na daktari mmoja wa Italia, Bibi Maria Montessori, ambaye tarehe 6 Januari, 1907 alifungua nyumba ya kulelea watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Rome. Mtaa huo ulikuwa wa watu maskini, na wazazi wa watoto hao walishinda kazini kutwa. Siku moja alimwona msichana wa umri wa miaka mitatu hivi akishughulika na kipande cha mbao chenye matundu ya ukubwa mbalimbali, ambayo kila tundu lilikuwa na kigogo chake kidogo cha kuchomeka. Mtoto alivitoa vigogo vyote, akavichanganya, akavirudisha, kisha akaanza tena. Montessori akahesabu. Akawaambia watoto wengine waimbe. Yule msichana hakuinua macho. Akamnyanyua pamoja na kiti chake akamweka juu ya meza; mtoto akakumbatia vitu vyake, akavipakata, akaendelea. Alirudia zaidi ya mara arobaini, kisha akaacha kwa hiari yake, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamka katika usingizi mzuri.

Nini kilichomshika mtoto yule kiasi hicho? Tazama jinsi kifaa chenyewe kilivyotengenezwa. Kigogo kinene hakiingii katika tundu jembamba. Ukikichomeka chembamba katika tundu pana, kitaingia, lakini mwishoni utabakiwa na kimoja kisichokuwa na mahali. Kosa hujionyesha lenyewe. Hahitajiki mwalimu wala mama wa kusema "hapana, si hivyo". Mtoto hurudi nyuma, akatafuta, akasahihisha kwa mkono wake mwenyewe. Montessori aliandika pia kwamba katika nyumba hiyo vilikuwamo vichezeo vizuri vya kawaida, lakini watoto walipoachwa wachague hawakuvijali.

Vifaa vya namna ya Montessori siku hizi huuzwa kwa bei ambayo si rahisi kwa mwenye mshahara wa kawaida, na kwa maoni yangu hapana ulazima wowote wa kuvinunua. Seti ya sufuria zinazoingiana, kubwa hadi ndogo, ina hekima ile ile ya vigogo vya San Lorenzo: kila mfuniko una sufuria yake, na ukikosea unaona. Makopo ya plastiki yenye vifuniko vya kuzungusha hufunza vidole kazi ambayo baadaye itahitajiwa na kalamu. Karai la maji, kata na vikombe viwili vya ukubwa tofauti vitamshughulisha mtoto wa miaka mitatu asubuhi nzima uani, mradi mtu mzima awe karibu, maana hata maji kidogo ni hatari kwa mtoto mdogo.

Mwenye nafasi na afike kwa mafundi seremala. Hapa Dar es Salaam, karakana za Keko zinazotengeneza samani hazikosi masalio ya mbao. Chagua vipande ambavyo havikutiwa dawa ya kuzuia wadudu, mwombe fundi akukatie kwa vipimo vinavyopatana, yaani viwili vifupi viwe sawa na kimoja kirefu, kisha kaa jioni moja na msasa uondoe vibanzi vyote na kulainisha pembe. Usipake rangi, rangi nyingine zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Vipande thelathini hivi vitatosha. Leo vitakuwa nyumba, kesho daladala, keshokutwa ng'ombe na zizi lake. Mnara ukianguka, mtoto atakuwa amejifunza mwenyewe kwamba kipana hukaa chini.

Je, kichezeo kinachozungumza hakimfunzi mtoto maneno? Wauzaji husema hivyo. Nchini Marekani, Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona aliwachunguza wazazi 26 na watoto wao wa kati ya miezi 10 na 16, wakicheza kwa vitu vya umeme, kwa vichezeo vya kawaida na kwa vitabu. Matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mashine ilipozungumza, mzazi alisema maneno machache zaidi, na mtoto naye akatoa sauti chache kuliko alipokuwa na vitabu. Watu waliochunguzwa ni wachache, lakini asiyesadiki anaweza kujaribu sebuleni kwake.

Kuhusu usalama sitaki kupita haraka. Chukua lile bomba la karatasi gumu linalobaki karatasi ya chooni inapokwisha. Chochote kinachoweza kupita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu: vizibo vya soda, kete za bao, njugu, maharage, ambayo pia huishia puani. Hatari kubwa kupita zote ni betri zile ndogo bapa mithili ya sarafu, zinazowekwa katika vichezeo vyenye taa na muziki. Ikimezwa ikakwama kooni, betri hiyo yaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili. Usimtapishe mtoto, usingoje kesho. Mpeleke hospitali papo hapo. Nyumba yenye vichezeo vya aina hiyo na ikague kila siku kama vifuniko vya betri vimefungwa kwa skrubu.

Baada ya kichezeo kupatikana, huja sehemu iliyo ngumu zaidi kwetu watu wazima, nayo ni kunyamaza. Mtoto anahangaika na mfuniko usioingia, nasi mkono unatuwasha. Tunamnyang'anya, tunauweka sawa, tunasema "haya, umeona?" Hakuona. Kazi yake tumeifanya sisi. Kaa karibu, mwache ajaribu, na umsaidie pale tu anapokuja kukuomba. Vichezeo visimwagwe vyote kwa pamoja. Viwili au vitatu katika kikapu kilicho chini, mahali anapofikia, vyatosha, na vingine vifichwe kwa juma zima ndipo vibadilishwe.

Na kwa kuwa wengi wetu tunatoka alfajiri na kurudi jua limekwisha kuzama, mazungumzo haya hayana budi kufanywa na bibi au dada anayebaki na mtoto. Mwonyeshe kikapu, mweleze ni sufuria zipi zinaruhusiwa na zipi ziko motoni, na umhakikishie kwamba ukikuta mbao zimetapakaa sebuleni hutamwuliza alikuwa wapi.