UTUNZAJI WA VYOMBO VYA KUPIMIA MAZIWA

Kila alfajiri mwanachama wa chama cha ushirika cha maziwa hufikisha maziwa yake kituoni, na karani huyapima kwa laktomita ili ijulikane kama yametiwa maji. Kwa dakika hiyo moja, mapato na jina jema la mwanachama hutegemea chombo kidogo cha kioo. Chombo hicho kikiwa kichafu, hutoa ushahidi wa uongo.

Laktomita huelea kwa kadiri ya uzito wake na uzito wa maziwa. Maziwa halisi ya ng'ombe, yakiwa na joto la nyuzi 20 za sentigredi, kwa kawaida huonyesha kati ya 26 na 32. Yakitiwa maji huwa mepesi, laktomita huzama zaidi na namba hushuka. Sasa, ikiwa mabaki ya maziwa ya jana yamekaukia shingoni mwa laktomita, uzito wake huongezeka. Huzama zaidi hata katika maziwa yasiyo na dosari, na mwanachama mwaminifu huhesabiwa kuwa mdanganyifu.

Kuiosha si kazi ngumu, lakini ina utaratibu wake. Mara tu upimaji unapokwisha, laktomita na mtungi wake visuuzwe kwa maji baridi au ya vuguvugu. Maji ya moto yasitangulie, kwa sababu huyagandisha maziwa juu ya kioo. Kisha vioshwe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni au magadi ya kufulia ili kuondoa mafuta, visuuzwe tena kwa maji safi, vifutwe na kuhifadhiwa mahali pasipo vumbi. Mchanga na steliwuli visitumike, kwani hukwaruza kioo. Chama chenye laktomita mbili kizijaribu mara kwa mara katika maziwa yale yale. Zikitofautiana licha ya kuwa safi, zisitumike mpaka wataalamu wa vipimo wazikague.

Kipimajoto nacho kitunzwe vivyo hivyo, maana kwa kila nyuzi moja iliyozidi 20 karani huongeza 0.2 katika namba ya laktomita. Maziwa yenye nyuzi 23 yaliyoonyesha 27 huandikwa 27.6. Kipimajoto kisitiwe katika maji yanayochemka, kwani huweza kupasuka. Kikiwa cha zebaki na kikavunjika, zebaki isishikwe kwa mkono wala kufagiliwa, kwa kuwa mvuke wake ni sumu. Madirisha yafunguliwe, vitone vikusanywe kwa karatasi ngumu na kutiwa katika chupa yenye kifuniko. Maziwa yaliyoingiwa na vipande vya kioo au zebaki yasitumiwe kabisa.

Vyama vinavyolipa kwa kiasi cha mafuta hutumia njia iliyobuniwa na Niklaus Gerber wa Uswisi mwaka 1891. Katika njia hiyo maziwa huchanganywa na tindikali kali ya salfuriki ndani ya chupa maalumu zenye shingo nyembamba. Hapa uangalifu uzidi maradufu. Anayeosha avae miwani ya kukinga macho, glavu za mpira na aproni. Chupa zimwagwe zikiwa bado na joto, kabla mafuta hayajaganda shingoni, na mabaki yamiminwe katika chombo kisicholiwa na tindikali, si ndoo ya bati. Yakishapoa, yamiminwe polepole katika maji mengi, kisha magadi yaongezwe kidogo kidogo mpaka povu likome. Kamwe maji yasimiminwe ndani ya tindikali, kwani huchemka ghafula na kuruka usoni. Wala tindikali isivutwe kwa mdomo.

Ikimwagikia mtu, nguo iliyolowa ivuliwe na mwili uoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20 au zaidi, ndipo apelekwe zahanati. Asipakwe mafuta wala magadi. Kwa sababu hiyo, chumba cha kupimia kisichokuwa na maji ya kutosha kisitumike kwa kazi ya tindikali.

Inafaa kila katibu amteue mtu mmoja wa kuwajibika na vyombo hivi, awe na ufunguo wa kabati ya tindikali, na aandike daftarini siku vilipooshwa, vilipojaribiwa na vilipovunjika. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama ambaye maziwa yake yamekataliwa ana haki ya kuomba yapimwe tena mbele yake, kwa laktomita iliyooshwa naye akiona. Chama kinachotunza vyombo vyake hakitaliogopa ombi hilo.