Saratani ya Tumbo Isiyo na Haraka

Mtu akitujia hapa Bagamoyo na kusema "nina vidonda vya tumbo", mara nyingi amekwisha kujitibu mwaka mzima kwa vidonge vya magnesia. Wengi ni vidonda kweli. Lakini mara chache, mgonjwa akimeza mpira wa kumulika tumbo na kinyama kikakatwa kwa uchunguzi, jibu hurudi kuwa ni limfoma, saratani ya chembechembe zinazotukinga na maradhi.

Afrika Mashariki tunaijua zaidi limfoma ya mbio, ile aliyoieleza Dk. Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, inayovimbisha taya la mtoto kwa majuma machache. Hii ya tumboni ni nadra, na hutambaa kwa miaka. Mara nyingi huchochewa na bakteria aitwaye helikobakta, yule yule wa vidonda. Kwa hiyo tiba huanza na vidonge vya kumuua, siku 10 hadi 14. Kwa wagonjwa wengi saratani hunywea kwa dawa hizo tu, ingawa huchukua miezi. Sisi wauguzi wa zamani, tuliofundishwa kwamba vidonda huletwa na mawazo na pilipili, tuliona taabu kuamini.

Isiponywea, au bakteria asipoonekana, ndipo mgonjwa huandikiwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Na hapo ndipo tunapowapoteza watu. Mama mmoja mkaanga samaki alikaa nyumbani miezi minane kwa kuwa jirani alimwambia utumbo utaungua. Ugonjwa huu ulimsubiri. Saratani nyingine zisingemsubiri.

Alipokwenda alikuta ni kulala mezani dakika chache, bila maumivu, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma matatu hivi. Alikwenda bila kula, maana tumbo lililoshiba hutanuka na mionzi hukosa shabaha. Kichefuchefu kilimsumbua, akapewa dawa. Saratani ikiwa haijatoka tumboni, kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hutoweka kwa mionzi.

Kwenda na kurudi kila siku na njaa ni mateso, basi tafuteni mapema ndugu wa kufikia Dar. Barua ya rufaa na majibu ya kinyama msiyasahau. Anayepata choo cheusi kama lami, au kutapika damu, aje leo leo.

Mama yule hurudi kumeza mpira kwa tarehe aliyopangiwa. Hununa kila mara, lakini huja.