Kabla ya Kung'oa Shina

Mche wa kahawa ukipandwa Tetu au Othaya, huku Nyeri, mwenye shamba hautazamii kitu mwaka wa kwanza, na wa pili hasumbuki. Mwaka wa tatu ndipo anapoanza kuutazama kwa jicho la mdai. Ukifika wa tano ungali majani matupu, anajua subira imekwisha kazi yake: kuna kasoro kwenye udongo, kwenye mche wenyewe, au kuna ugonjwa. Mwenye duka dogo la Karatina hana kalenda ya namna hiyo. Hakuna aliyewahi kumwambia duka la nguo za watoto, kinyozi au kibanda cha fundi wa simu huanza kuzaa lini. Ndiyo sababu mmoja hukaa miaka sita akisema "itashika tu", huku jirani yake akifunga mwezi wa nane biashara ambayo ingeshika wa kumi na mbili. Nadhani wote wawili walijiuliza swali lisilofaa. Mwendo wa kobe peke yake hausemi lolote kuhusu biashara. Cha kuuliza ni nani anayegharamia huo mwendo, na kwa kiasi gani.

Kwanza lakini ni lazima tuhakikishe kwamba tunapima kitu kimoja. Pesa za mlimani huja kwa msimu. Mkulima wa chai hulipwa kidogo kidogo kila mwezi, kisha bonasi ya viwanda vya chai vinavyosimamiwa na KTDA inashuka mwezi wa Oktoba, na mwezi huo hata muuzaji wa magodoro Nyeri mjini hutabasamu. Kahawa nayo huvunwa kwa wingi kati ya Oktoba na Desemba, na malipo makubwa hungoja mwaka unaofuata. Januari karo inameza kila kitu. Karibu na vyuo vikuu vya Dedan Kimathi na Karatina, vibanda vya chakula hufuata muhula wala havijali msimu wa mvua. Mtu akilinganisha Februari yake na Oktoba iliyopita ataona anakufa. Akilinganisha Oktoba na Agosti ataona anatajirika. Februari ipimwe na Februari. Kwa hiyo biashara isiyotimiza mizunguko miwili ya mwaka haijatoa ushahidi wa kutosha, labda iwe inakula mtaji waziwazi.

Shilingi nazo zinadanganya. Mwaka 2022 na 2023 bei nchini Kenya zilipanda kwa karibu asilimia 8 kila mwaka. Duka lililoongeza mauzo kwa asilimia 8 katika miaka hiyo halikukua polepole; lilisimama palepale, na daftari likamsifu mwenyewe bure. Afadhali kuhesabu magunia ya sukari, vichwa vilivyonyolewa, au simu zilizotengenezwa.

Sasa tuje kwa anayelipa. Tuchukue duka la kubuni, la bidhaa za nyumbani, linalouza shilingi 90,000 kwa mwezi. Bidhaa zenyewe zinagharimu 72,000, kodi ya chumba 6,000, stima, leseni na usafiri 2,000. Zinabaki 10,000, na mwenye duka huziita faida. Lakini mauzo ya mwaka yamepita milioni moja, hivyo tangu Julai 2023 anadaiwa na serikali kodi ya asilimia 3 ya mauzo yote, awe amepata faida au hakupata. Hiyo ni 2,700 kwa mwezi, zaidi ya robo ya alichodhani ni chake. Zinabaki 7,300. Na duka hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, likafungwa saa mbili na nusu usiku, siku 26 kwa mwezi: jumla saa 364. Gawanya, utapata shilingi 20 kwa saa. Duka hili halina hasara kwenye karatasi. Linaishi kwa kulishwa saa za mtu mmoja ambazo hakuna aliyezinunua. Mara nyingi pia linalishwa mshahara wa mume au mke aliyeajiriwa, zamu ya chama, na mkopo wa simu. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mwenye faida ghafi ya asilimia 20 anayejaza rafu kwa mkopo wa aina hiyo, na bidhaa zikakaa miezi mitatu, amekwisha kulipa asilimia 22.5 ya deni kwa kulirefusha. Hapo deni limekula karibu faida ghafi yote kabla hata ya kodi ya chumba.

Atakayenipinga kwanza atataja benki ya Equity, na ana haki, maana hakuna mfano wa hapa unaozidi huo. Equity Building Society ilianzishwa mwaka 1984 kule Kangema, Murang'a. Kufikia 1993 ilikuwa imefilisika kihesabu, na zaidi ya nusu ya mikopo yake hailipwi. Ikawa benki kamili mwishoni mwa 2004, na Agosti 2006 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Miaka 22! Je, wangefunga 1993? Tatizo la mfano huu ni kwamba walionusurika ndio wanaosimuliwa. Continental Bank iliyoanguka 1986 na Trade Bank iliyoanguka 1993 hazitajwi na wahubiri wa subira. Tena Equity haikuvumilia kile ilichokuwa ikifanya. Iliachana na mikopo ya nyumba, ambayo ndiyo ilikuwa kazi ya taasisi za aina yake, ikageukia mwenye akiba ndogo ambaye benki nyingine zilimwona usumbufu. Wakulima wana jina la jambo hilo: kubandika. Mbuni wa zamani hukatwa, kikonyo cha aina mpya kama Batian, iliyotolewa mwaka 2010 na kupewa jina la kilele cha Mlima Kenya, kikabandikwa juu ya mizizi ile ile. Mti hauanzi upya, wala hauendelei kama ulivyokuwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sidhani lina jibu kamili. Kazi hakuna. Mtu akifunga duka la shilingi 20 kwa saa, atakwenda wapi? Kama saa zake zisingenunuliwa kokote, basi hizo shilingi 20 ni riziki halali na hakuna wa kumcheka. Nakubali. Ila akubali naye kwamba hiyo ni ajira, tena ya kibarua, na aiendeshe kama ajira: asiikopee, asiiuzie ng'ombe, asiwanyime watoto karo kwa ahadi kwamba itakuwa kubwa. Kufunga nako si aibu kama vijiji vinavyodhani. Utafiti wa Shirika la Takwimu la Kenya wa mwaka 2016 ulikuta biashara ndogo zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa ndani ya miaka mitano, zikiwa na umri wa wastani wa miaka 3.8. Wenye biashara hizo wote si wavivu.

Kinachonishangaza ni jinsi tunavyojifungia kwenye milango miwili, kuendelea au kufunga, katika eneo ambalo lingepaswa kujua zaidi. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei zilianguka vibaya. Sheria ilikataza kung'oa mibuni bila kibali, lakini watu walitafuta njia: wengine waling'oa, wengine wakaitelekeza, wengine wakapanda maharagwe na mahindi katikati ya mistari na kuacha mizizi hai. Bei ya New York ilipopita dola 3 kwa ratili mwaka 2011, na dola 4 mwanzoni mwa 2025, waliong'oa hawakuwa na cha kupeleka kiwandani. Na kuna njia nyingine: mbuni uliochoka hukatwa kiasi cha futi moja kutoka ardhini, na mara nyingi huachwa tawi moja la zamani liupe mzizi pumzi mpaka machipukizi yashike.

Duka letu la kubuni linaweza kukatwa vivyo hivyo. Mwenyewe aachie chumba cha 6,000, akodi nusu ya kaunta kwa fundi wa simu kwa 2,000, afungue siku za soko pekee, abaki na namba za wateja na tili ile ile. Tuseme mauzo yanashuka hadi 40,000. Faida ghafi ni 8,000. Toa 2,000 za kaunta na 1,000 ya gharama nyingine, zinabaki 5,000. Mauzo ya mwaka yako chini ya milioni moja, hivyo ile asilimia 3 haimhusu. Saa alizokaa dukani ni kama 100, kwa hiyo kila saa imemlipa shilingi 50. Ana saa 264 mkononi za kutafutia kingine, na duka linangoja Oktoba likiwa linapumua.