Usimkimbize Mtoto Mwenye Chupa ya Gundi

Jioni, karibu na maduka ya Buruburu, Nairobi, utamwona mvulana ameing'ata chupa ndogo ya plastiki, mikono ameificha ndani ya sweta. Chupani mna gundi ya njano, ile ile ambayo fundi wa viatu hubandikia soli.

Kinachomlevya ni kiyeyushi kilichomo, mara nyingi toluini, ambayo imo pia kwenye thina ya rangi. Mvuke wake hutoka mapafuni ukafika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Baridi inapungua, njaa inatulia. Aliyewahi kulala nje Nairobi mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa kwa nini mtoto anairudia, nami siwezi kumlaumu.

Lakini toluini huyeyuka kwenye mafuta, na nyuzi za neva zimevikwa ala ya mafuta kama waya wa stima ulivyovikwa plastiki. Kwa miaka ya kuvuta, ala hiyo huharibika: kumbukumbu inapotea, mikono inatetemeka, mwendo unayumba. Figo nazo hupoteza madini ya potasiamu hadi misuli inalegea. Gundi nyingine zina heksani, inayoua neva za miguu na kuiacha na ganzi. Akiacha mapema, mengine hupona. Mengine hayaponi.

Hayo huja polepole. Kuna jambo lisilosubiri. Mwaka 1970 daktari Mmarekani, Millard Bass, alieleza vifo 110 vya vijana walioanguka ghafla baada ya kuvuta viyeyushi, bila kuzibwa pumzi na mfuko wa plastiki. Baadhi yao walikuwa wametoka kukimbia au kushtuka. Kiyeyushi huufanya moyo uwe mwepesi kuvurugwa na adrenalini, homoni ya hofu na mbio. Mapigo yanapotea mpangilio, damu haisukumwi tena. Hata anayevuta kwa mara ya kwanza anaweza kufa hivyo, awe wa mtaani au kijana wa sekondari aliyejifungia chumbani na kopo la thina.

Ndiyo maana naogopa nikisikia "Mwizi!" halafu nione watu wazima wakimfukuza mtoto aliyelewa gundi. Wanaukimbiza moyo ambao tayari uko ukingoni. Mzazi anayemfumania mwanawe naye asipige kelele wala kumnyang'anya chupa kwa nguvu.

Zungumza naye kwa sauti ya chini. Mketishe penye hewa, mbali na jiko na sigara, maana mvuke huo hushika moto. Akizimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Asipopumua, mbonyeze kifua kwa nguvu, mfululizo, huku mwenzako akiita ambulensi. Akishatulia, piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, uulize pa kumpeleka. Na kabla ya hapo, mpe chakula.