Heliamu: Safari Ndefu Kutoka Mwamba wa Kale Hadi Mtungi wa Meru

Heliamu inayouzwa kwenye mitungi huzaliwa ndani ya miamba, pale urani na thoriamu zinapovunjika zenyewe polepole mno. Atomu moja ya urani-238 huachilia chembe nane za heliamu kabla ya kutulia kuwa madini ya risasi, na nusu ya kiasi chochote cha urani hiyo huchukua miaka bilioni 4.5 kugeuka.

Ikishazaliwa, hubaki imenaswa ndani ya madini mpaka joto liifungue. Katika Bonde la Rukwa, Tanzania, wataalamu wanaona kwamba joto la volkano za Bonde la Ufa ndilo lililoifungua. Ilipanda pamoja na nitrojeni, na leo hububujika kwenye chemchemi za maji moto, ambako vipimo vimefikia asilimia 10. Ili ikusanyike, lazima ikute juu yake tabaka la udongo mzito au chumvi lisiloivujisha. Volkano ikiwa karibu mno, kaboni dayoksaidi huizidi wingi.

Kwa masharti hayo, Embu na Meru nchini Kenya hazina matumaini makubwa. Mbeere, upande wa Embu, ina miamba ya kale, lakini imejitokeza juu ya ardhi, kwa hiyo gesi hupotelea hewani. Nyambene, upande wa Meru, ni volkano changa, hivyo huenda kaboni dayoksaidi ikaizidi heliamu.

Muuza baluni mmoja mjini Meru haoni faida ya elimu hiyo. Mitungi yake hutoka Nairobi. Bei hupanda bila maelezo, nauli ya kurudisha mtungi mtupu ni juu yake, na wenye harusi humshuku kwamba anawapunja. Aliposikia habari za Rukwa alitarajia nafuu. Bado anangoja, na malalamiko yake yana msingi: heliamu nyingi duniani hutoka Marekani na Qatar, ikichujwa kutoka gesi asilia, hivyo msukosuko wa huko hufika hadi mtaani kwake.

Futi za ujazo bilioni 54 zilizotangazwa kuhusu Rukwa mwaka 2016 zingali zikinukuliwa kama mali iliyo ghalani. Yalikuwa makadirio, kabla ya kisima chochote cha heliamu kuchimbwa. Uchimbaji ulioanza 2021 umeonyesha kuwa gesi ipo. Wingi huo haujathibitishwa. Hata ukithibitishwa, kuigeuza gesi hiyo kimiminika hudai nyuzi 269 chini ya sifuri na mtaji mkubwa, na huenda wenye mashine za MRI na watengenezaji wa vifaa vya elektroniki ng'ambo wakaifikia kabla ya soko la Meru.