MTOTO AMEPIMWA, MAMA JE?

Wahenga walinena, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini, wasomaji wapenzi, uko uchungu mwingine ambao hata mzazi mwenyewe huenda asijue jina lake.

Dada yangu alipojifungua, nyumba nzima ilijaa vigelegele. Wiki tatu baadaye akabadilika. Usiku halali hata mtoto akilala. Chakula hakipiti kooni. Analia peke yake na kusema, "Mtoto huyu angepata mama mwingine." Majirani hawakukawia kutoa hukumu: ati amerogwa, ati ni maringo ya mzazi wa kwanza. Kumbe alikuwa mgonjwa!

Hebu tutofautishe mambo matatu. Kwanza, siku chache baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia ovyo, maana homoni zilizokuwa juu wakati wa mimba hushuka ghafla. Hali hii huisha yenyewe kabla ya wiki mbili. Pili, huzuni ikizidi wiki mbili, mama akajiona hafai na asifurahie chochote, huo ni unyogovu, na unatibika. Tatu, mama 1 au 2 kati ya 1,000 hushikwa na wazimu wa uzazi, akaona au kusikia visivyokuwapo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Je, ni jambo la nadra? La hasha! Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba asilimia 13 hivi ya waliojifungua karibuni hupata ugonjwa wa akili, hasa unyogovu. Katika nchi zinazoendelea ni karibu asilimia 20, yaani mama mmoja kati ya watano.

Sasa tazama kliniki. Wiki ya sita mtoto hupelekwa chanjo. Atawekwa kwenye mizani, kitabu kiandikwe. Mama naye mara nyingi huulizwa habari za maziwa na kidonda, basi, aitwe mwingine. Hali kipimo kipo. Mwaka wa 1987 wataalamu wa Uskoti walichapisha maswali 10 kuhusu mambo kama usingizi, hofu, kilio na wazo la kujidhuru. Kuyajibu ni kazi ya dakika chache tu.

Wengine watasema, "Madaktari wa akili tutawatoa wapi?" Jibu liko Pakistan. Huko mashambani, wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida wasio madaktari, walifunzwa namna ya kuzungumza na akina mama wenye unyogovu nyumbani kwao. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008. Mtoto alipofikisha miezi 6, asilimia 23 tu ya akina mama hao bado walikuwa wagonjwa. Kwa wale waliotembelewa na wahudumu wasiopewa mafunzo hayo, walikuwa asilimia 53.

Nasi Kenya mwaka wa 2023 tulizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao kazi yao ni kubisha hodi majumbani. Wakifunzwa kumuuliza mama habari zake, si za mtoto pekee, tutakuwa tumepiga hatua kubwa.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msidhani haya ni ya watu wazima. Tangu mwaka wa 1994 sera ya elimu nchini huwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Huenda mmoja yuko dawati la pili. Tusimcheke. Tumsikilize, na akizidiwa tumwone mwalimu mshauri pamoja naye.

Dada yangu alipona. Ilianza kliniki, siku ya chanjo ya wiki ya kumi, muuguzi alipofunga kitabu cha mtoto akamtazama usoni: "Na wewe mama, u hali gani?" Dada akaangua kilio. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Basi na tuulize.